Waya Mmoja, Matundu Mawili na Jogoo wa Kirumba

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri, nikiwa na miaka ishirini na saba. Najua mnacheka. Espérance alicheka mpaka akaegemea mashine ya fotokopi ikaanza kutoa karatasi tupu, na Jospin akaniuliza kama nitahitaji fimbo ya kutembelea. Lakini kazi niliyokuwa nikiifanya imekwisha kabla yangu, na mtu ambaye kazi yake imekwisha sijui mumwite nani kama si mstaafu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kuitoa sauti iliyo ndani ya kompyuta na kuiingiza kwenye tundu la mikro, pale kipaza sauti kinapochomekwa, ili watu wanaoongea nawe kwa mbali waisikie kama inavyosikika chumbani. Basi. Ukiisikia haraka utadhani ni kazi ya dakika mbili. Mimi nimeifanya miaka saba, kwa waya, kwa utepe wa skochi na kwa viganja vilivyolowa jasho. Leo programu za kuitana zina kitufe. Unakibonyeza, sauti inaenda. Siku kitufe hicho kilipotokea kwenye kompyuta yetu nilitoka nyuma ya ofisi nikakaa juu ya ndoo robo saa nzima, nikitazama ukuta.

Nyinyi wawili mnaobaki, Espérance na Jospin, mliniomba ukurasa mmoja wa maelekezo, kwa ajili ya siku kitufe kitakapogoma. Ndio huu, ila umerefuka. Ni mara ya sita nauandika. Wa tano ulikuwa mzuri lakini nilikosea neno moja mwishoni, nikauchana wote. Kwa hiyo mkikuta kosa humu mjue nimeliona, na nimejizuia kwa nguvu.

Kuhusu kupandishwa cheo sina la kusema. Nilitoka kwenye benchi nikapewa kiti. Kiti kina mguu mmoja mfupi, mtaona wenyewe.

Nilipofika mara ya kwanza kwa Ya Masika nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na karatasi yoyote ya shule ya kompyuta. Nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwa kutazama video ambazo mtandao ulizikata katikati, kwa hiyo kila nilichokijua nilikijua mpaka nusu. Ya Masika, mwenye ofisi na dada mkubwa wa kila mtu, hakuuliza karatasi. Aliuliza kama naogopa watu. Nikasema ndiyo. Akasema: "Muzuri. Mutu mwenye kuogopa batu hapana vunja vitu yao."

Ofisi ilikuwa palepale mnapoijua, Kimemi, kati ya duka la dawa na mtu wa kuchomelea vyuma. Mbele palikuwa na kupiga chapa barua, fotokopi na picha za vitambulisho. Nyuma ya pazia palikuwa na chumba cha mikutano, na hicho ndicho kilichotulisha. Mnajua familia zetu zilivyo: nusu iko hapa Butembo, nusu Beni, wazee wako Kirumba na mashamba yao, na barabara ya Beni ina wiki zake za kutopitika. Familia ikitaka kukaa pamoja ilikuja kwetu, tukawaita wenzao wa mbali kwenye mkutano wa sauti. Na mkutano wa familia hauanzi hivihivi. Lazima pawe na wimbo wa kufungua, au sala iliyorekodiwa na mjomba padri, au neno la mzee ambaye magoti yamemkatalia safari. Vitu hivyo vilikuwa ndani ya kompyuta. Swali lilikuwa vitokeje.

Ya Masika alikuwa na njia yake. Alichukua sufuria kubwa ya ugali, akaweka ndani yake spika ya kompyuta na simu ya mkutano, vikitazamana kama wachumba, akafunika kwa kitenge. "Sauti ikizunguka mule inanenepa," alinieleza, kwa uso wa mtu anayefundisha Biblia. Siku yangu ya kwanza familia moja ya Bulengera ilikuwa na ubatizo wa mtoto, na ndugu wa Beni waliitwa washiriki. Wimbo wa Bikira Maria ukapigwa ndani ya sufuria. Upande wa pili sauti ya mzee mmoja ikauliza taratibu:

"Ni nani alikufa?"

"Hapana mutu, Papa. Ni batizo!"

"Basi juu ya nini mumeshusha kwaya mu kisima?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na homa. Si ya mwili, ya aibu. Na wala sikuwa mimi niliyepika sauti ile. Ndivyo nilivyo. Nikisikia kosa, hata la mwingine, linanifuata mpaka kitandani.

Baada ya wiki mbili nilinunua waya sokoni, mfupi, wenye pini dume pande zote mbili. Huo ndio waya mnaouona umening'inia msumarini. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na tundu la kijani, ambapo sauti hutoka, na tundu la pinki, ambapo mikro huingia. Video niliyotazama ilikatika pale mzungumzaji alipochomeka pini ya kwanza kwenye kijani na ya pili kwenye pinki, akasema, "Lakini angalieni sana msije..." Sikupata kujua tusije tukafanya nini.

Nilijua kesho yake. Ya Masika alikuwa na tabia ya kujaribia vitu vipya kwa familia yake mwenyewe, maana hao hawawezi kudai kitu. Akamwita baba yake mdogo wa Beni, Papa Kambale, mtu mwenye adabu kuliko wote ninaowajua, anayevua kofia hata kwenye simu. Papa Kambale akasema, "Jambo." Sauti yake ikatoka kwenye tundu la kijani, ikapita kwenye waya wangu, ikaingia pinki, ikarudi Beni. Akasikia mtu mzima, wa heshima, akimwambia, "Jambo."

"Jambo sana," akajibu.

"Jambo sana," akarudishiwa.

"Habari ya kwenu?"

"Habari ya kwenu?"

"Tuko muzuri, tunashukuru Mungu."

Alijijibu hivyo mpaka Ya Masika alipochomoa waya. Papa Kambale akavuta pumzi, akasema: "Masika, uyu mutu uko naye pale iko na heshima sana. Ni wa famille gani?"

Hilo ndilo somo la kwanza, liandikeni ukutani: chochote kinachotoka kwenye kompyuta ya mkutano hurudi, hata sauti za watu wenyewe. Kwa hiyo tumieni kompyuta mbili. Moja inapiga wimbo tu, haijui kama kuna mkutano. Nyingine ina mkutano tu. Kijani cha ya kwanza kiingie pinki ya ya pili. Hapo Beni watasikia wimbo na hawatajisikia wenyewe. Ilinichukua miezi miwili kuligundua hili, na Papa Kambale aliulizia habari za rafiki yake muda wote huo.

Somo la pili: tundu la mikro limezoea mnong'ono wa mtu. Ukilimwagia sauti ya kompyuta yote, kwaya inageuka kuwa jirani yetu wa kuchomelea. Shusheni sauti mpaka ibaki kidogo sana, kisha pandisheni kama mnavyoongeza chumvi. Somo la tatu: mkisikia mngurumo chini ya wimbo, kama nyuki ndani ya debe, chomoeni chaja ya kompyuta inayopiga, iende kwa betri. Mngurumo unapandia huko.

Somo la nne halihusu waya. Kwetu majina yanafuata zamu ya mtu kuzaliwa nyumbani mwao, kila nyumba ina Kambale wake na Kavira wake, na mimi mwenyewe ni Kavira. Kwenye mkutano wangu mkubwa wa kwanza mtu mmoja alikuwa akipika karibu na simu yake. Nikasema kwa heshima: "Kambale, funga mikro." Wakafunga saba, akiwemo aliyekuwa akitoa hotuba. Aliyekuwa akipika hakufunga, maana yeye alikuwa Paluku. Tangu siku hiyo niliandika kila mtu kwa jina na alama: Kambale wa mbao, Kambale wa pikipiki, Kambale asiyemaliza. Huyo wa mwisho aliwahi kuiona karatasi. Tusiendelee.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa wangu, kwa sababu ndio uliotaka kuharibu jambo kubwa kuliko yote yaliyopita kwenye chumba kile.

Nilipoweza kupitisha sauti, nilianza kutaka iwe safi. Nilijifunza kukata. Mtu akileta sala iliyorekodiwa, nilivaa ekuta masikioni na kutoa mluzi wa upepo, mlango uliogongwa, mtu aliyevuta kamasi. Nilikuwa na daftari la mikwaruzo, nimeipa namba. Wateja walisifu. Ya Masika alisimama nyuma yangu siku moja nikifuta mvua kwenye wimbo uliorekodiwa wakati wa mvua. "Kavira," akasema, "weye siku moja utafuta na mwenye kuimba." Nilicheka. Nilidhani ni sifa.

Mwaka wa tano, Mwalimu Ilunga akaja kufotokopi mitihani. Ni mtu wa Lomami, aliletwa huku na serikali kufundisha hesabu, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Wiki iliyofuata akaja kufotokopi mitihani ileile. Wiki ya tatu alikuja na karatasi moja, tupu. Ya Masika akaitazama huku na huku, akamwuliza anataka nakala ngapi. Mwalimu akasema, "Unavyoona weye." Ya Masika alikuwa na miaka arobaini na moja na hakuna aliyekuwa bado anamwuliza habari za ndoa. Alizitoa nakala mbili tupu, akazibana kwa pini, akampa.

Mambo yakaenda haraka kwa sababu Mwalimu alipata barua ya kuhamishiwa Bunia. Mtu mwenye mke na nyumba hapa angeweza kuomba abaki, kapera asingesikilizwa. Kwa hiyo ama familia ikubali kabla ya muda wa barua kwisha, ama Mwalimu apande gari. Baba yake Ya Masika alikuwa amekwishafariki. Neno la kumtoa binti lilikuwa la kaka mkubwa wa marehemu, Baba Mukubwa Paluku wa Kirumba, na lilipaswa kusikiwa na ukoo wote ukiwa umekaa Beni chini ya Papa Kambale. Na Papa Kambale, pamoja na adabu zake zote, hakuwa na haraka ya kumpa binti wa ndugu yake mtu ambaye hawajui hata babu yake alilima nini.

Halafu yakaja meno. Baba Mukubwa alikuwa anang'olewa meno yote yaliyobaki ili awekewe mapya, na mapya yalikuwa bado hayajafika. Alisema wazi: "Siwezi kupokea mukwe na ufizi." Hakutaka hata kwa sauti tu; alisema ufizi unasikika. Basi siku moja kabla ya kwenda kwa daktari, Ya Masika alipanda gari mpaka Kirumba, akamrekodi uani kwake kwa simu. Alirudi Alhamisi, akaniwekea faili mezani. "Dakika kumi na moja," akasema. "Uichunge sawa yai."

Nilivaa ekuta. Jamani. Dakika kumi na moja, na zaidi ya nusu si maneno. Mzee anasema sentensi, ananyamaza. Anakohoa kikohozi kirefu chenye ghorofa tatu. Anasema nyingine, ananyamaza tena mpaka unadhani amelala. Mbuzi anapita. Mtu anatwanga. Na jogoo! Jogoo yule alisimama, nadhani, juu ya goti la mzee. Kila neno zito likija, jogoo analitangulia.

Nikaona Mungu amenipa kazi ya maisha yangu. Kwa siku tatu, asubuhi mpaka jioni, nilisafisha. Nilitoa jogoo, mara kumi na nne. Nilitoa mbuzi, mchi, kikohozi chote. Nilikunja kila kimya mpaka sentensi zikashikana mikono. Palikuwa na mahali mzee aligeuka akasema kitu kisichohusu harusi; nikakitoa pia. Mwisho ikabaki dakika nne na kidogo, inang'aa, mzee anatiririka kama mtangazaji wa redio. Sikumwambia Ya Masika. Nilitaka iwe zawadi. Nawaambia haya nikiwa nimekaa, kwa sababu hata sasa yakinijia nikiwa nimesimama natafuta ukuta.

Jumapili baada ya misa tukakaa. Chumbani kwetu: Ya Masika kwenye kiti cha wageni, amejifunga kitenge kipya; Mwalimu Ilunga na koti, jasho likimtiririka nyuma ya masikio. Beni: Papa Kambale, Shangazi Katungu ambaye ni dada yao, na sebule nzima ya ukoo. Kirumba: Baba Mukubwa mwenyewe, mbele ya simu, bila meno, kimya, na fimbo yake. Kompyuta mbili, waya wangu, simu ya kuongelea mezani, betri zimejaa, sauti imeshushwa. Sikuwahi kuunganisha vizuri hivyo. Nikabonyeza.

Sasa, kuna jambo ambalo nalijua tangu utoto, na ambalo lilikuwa limenitoka kichwani kwa siku tatu nzima. Mzee akitoa neno kwenye baraza la familia, hasemi yote kwa mkupuo. Anasema kidogo, ananyamaza, na wote waliokaa wanaitikia "Eee." Ndipo anaendelea. Kimya kile ndicho nafasi ya kuitikia. Na neno ambalo halikuitikiwa halijapokelewa. Hata likirudiwa mara mia, kesho mtu yeyote anaweza kusema hakulisikia.

Sauti ya Baba Mukubwa ikasema, "Miye Paluku niko naongea juu ya mutoto Masika." Beni wakavuta pumzi waitikie. Walipofungua midomo, mzee alikuwa kwenye sentensi ya tatu. "Eee" yao ikaangukia katikati ya jina la marehemu. Wakajaribu tena, wakachelewa tena. Nikawasikia wanaharakisha, kama watu wanaokimbilia gari lililokwishaondoka. Shangazi Katungu akapaza sauti:

"Anafukuzwa na nani?"

"Simamisha!" akasema Papa Kambale. "Simamisha ile mashine!"

Nikasimamisha.

"Uyu hapana yaya yangu," Papa Kambale akamkana kaka yake polepole. "Yaya yangu iko nakohoa. Tangu nazaliwa niko namusikia anakohoa. Uyu mutu iko na mapafu ya nani?"

"Na jogoo iko wapi?" akadakia Shangazi. "Pale kwa Yaya hata sala hapana isha bila ile jogoo."

"Siku hizi batu banatengenezaka sauti mu téléphone," sauti nyingine ikasema huko Beni, na sebule yote ikanguruma. Papa Kambale akauliza, bila kumtaja mtu, kama mwalimu wa hesabu anaweza kuwa pia anajua mashine. Mwalimu Ilunga akasimama. "Mais non, hapana, Papa, mimi..." Akakaa. Akasimama tena.

"Tumuulize mwenyewe," akasema Shangazi. "Yaya! Kama ni weye unasema yale maneno, gonga fimbo mara moja. Kama hapana, mara mbili."

Kutoka Kirumba fimbo ikagonga. Ikagonga tena. Ikaendelea kugonga, maana mzee alikuwa amekasirika.

"Saba," akahesabu Papa Kambale. "Saba ni nini?"

"Aseme tu ndiyo. Yaya, sema ndiyo, neno moja!"

Mkwe alikuwa anasikiliza, na mzee hakuwa na meno. Angeacha binti akose mume, lakini ufizi wake usingesikika Butembo.

Papa Kambale akakohoa kidogo, kama anayejiandaa kuvunja kikao. "Basi, tutangojea meno," akasema. Na sote tulijua kwamba barua ya Bunia haingojei meno.

Ya Masika akageuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, taratibu.

"Kavira. Ulifanya nini?"

"Nilisafisha, Yaya."

"Ulisafisha nini?"

"Yote."

Hakupiga kelele. Alifumba macho, akafumbua. "Ile ya kwanza iko?"

Ilikuwepo. Huo ndio upande wa pili wa ugonjwa: situpi kitu. Ilikuwa kwenye folda niliyoiita Taka. Nikasogeza mdomo kwenye simu, mimi ninayeogopa watu, nikasema mbele ya ukoo mzima: "Papa Kambale, kosa ni yangu. Mwalimu hapana fanya kitu. Ni miye nilitoa kikohozi ya Baba Mukubwa. Nilitoa na jogoo. Nilizani nasaidia."

Kisha Shangazi Katungu, kwa mshangao wa kweli: "Jogoo ilikukosea nini?"

Nikabonyeza faili ya kwanza. Mzee akaanza, akanyamaza, Beni wakaitikia "Eee" vizuri, nikapata matumaini. Kikohozi kikaja, kwenye ekuta yangu nilikisikia chote, lakini Beni wakasema hawasikii kitu. Jogoo akawika, wakasikia "ko" na kukatika.

"Imekatwa shingo," akasema Papa Kambale.

Hapo nikakumbuka. Programu ya mkutano yenyewe ina ugonjwa kama wangu. Inajifanya inajua lipi ni neno na lipi ni kelele, na kile inachokiona kelele inakimeza kabla hakijafika. Hata ngoma inaimeza, hata kinanda. Kwenye mipangilio ya sauti, ukishuka chini kabisa, kuna mstari umeandikwa kwa Kifaransa kwamba inaondoa makelele. Uzimeni. Kabla ya wimbo, kabla ya sala, kabla ya neno la mzee yeyote, uzimeni. Nikauzima. Nikaanza upya.

Jogoo akawika, mzima, kutoka shingoni mpaka mkiani. Sebule ya Beni ikapiga makofi. Kikohozi kikapanda ghorofa zake tatu, na Papa Kambale akasema kwa sauti ya chini, "Endelea, Yaya." Mzee akaendelea. "Miye Paluku niko naongea juu ya mutoto Masika." Eee. "Baba yake aliniachia." Eee. "Uyu mwalimu nilimuona mara moja. Alikula ugali yote, akaomba ingine." Eee. "Mutu mwenye mpango ya mubaya hapana omba ingine." Eee! Hata Mwalimu Ilunga aliitikia, mahali pasipofaa, akijisifu bila kujua.

Kikaja kimya kirefu kuliko vyote. Nilikifahamu kile kimya. Nilikuwa nimekikata chote Jumamosi. Tukasikia mzee anapumua. Tukasikia anapenga kamasi. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimeipa ile sauti namba kwenye daftari. Jogoo akawika katikati yake. Na Baba Mukubwa akageuka, akasema kile kitu ambacho nilikitoa kwa sababu hakikuhusu harusi, kwa sababu aliyeambiwa alikuwa jogoo:

"Nyamaza weye. Niko naozesha mutoto."

Beni hawakuitikia mara moja. Kisha Papa Kambale akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "Ni yeye." Ndipo "Eee" ikatoka, ndefu, ya sebule yote, na chumbani kwetu, na kutoka Kirumba fimbo ikagonga mara moja tu.

Mwalimu hakwenda Bunia. Kwenye harusi Baba Mukubwa alikuja na meno mapya, meupe kupita kiasi, akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata nyuma ya spika. Nilipiga magoti kuomba msamaha.

"Ni weye ulinitoa kikohozi?"

"Ni miye, Baba Mukubwa. Munisamehe."

"Baganga banashindwa na hiki kikohozi toka niko kijana," akasema. "Weye siku tatu tu. Uko na ofisi fasi gani?"

Ijumaa mliniaga vizuri, na nashukuru kwa ile sufuria ya Ya Masika. Nimeona mmeisugua lakini mmeacha mahali palipobonyea. Mliwaita Beni kwenye mkutano ili nao waniage, Ya Masika na Mwalimu wakiwa wamekaa mbele. Jospin alibonyeza kitufe kipya; lakini kwa kuniheshimu alikuwa pia amechomeka waya wangu, kijani mpaka pinki, kwenye kompyuta ileile. Niliona kosa kabla halijatokea. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.

Papa Kambale akavua kofia, nilisikia ikiwekwa mezani. "Jambo," akasema.

"Jambo," akajibiwa.

Nikaurudisha mkono, nikaushikisha sufuria.

"Eh!" Papa Kambale akacheka kwa furaha ya kweli. "Kumbe uko ungali pale! Habari ya kwenu?"